“Unasimulia, huchambui”: jibu kwa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza

Swali: Nipo mwaka wa kwanza chuoni na nimechukua kozi ya fasihi kwa sababu tangu utotoni napenda riwaya. Nilidhani nitakuwa miongoni mwa wanaofanya vizuri. Insha zangu mbili za kwanza zimerudi na maneno yale yale: “Unasimulia, huchambui.” Kwenye semina wenzangu wanaona mambo ambayo mimi sikuyaona kabisa, ingawa kitabu nimekimaliza. Tena naona uchambuzi unaniharibia raha ya kusoma. Nataka nitoke kwenye kozi hii nikiwa msomaji bora na mwandishi bora. Nifanyeje?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na neno lenyewe, maana sisi wahadhiri hulitumia kila siku bila kulifungua. Kuchambua pamba ni kukaa na lundo lake na kutenga nyuzi na mbegu kwa vidole, kidogo kidogo. Anayesimulia anakueleza kwamba lundo lipo, ni kubwa, na limetoka shamba fulani. Yote kweli, ila vidole vyake havijagusa kitu. Mhadhiri anapokuandikia “huchambui” hasemi kwamba hukukielewa kitabu. Anasema umekisimamia mbali.

Anayesimulia anajiuliza: nini kilitokea? Anayechambua anajiuliza: kwa nini limesemwa hivi, si vinginevyo? Swali hilo la pili nitalirudia hapa mpaka ulichoke, kwa sababu katika miaka yote ya kufundisha fasihi sijaona jingine linalomkuza mtu upesi namna hiyo. Kila sentensi iliyomo kitabuni ingeweza kuandikwa kwa namna nyingine. Mtu alikaa, akaziona njia kadhaa, akashika moja na kuziacha nyingine. Ukizoea kuuona uteuzi huo kwa wengine, siku utakaporudi kwenye rasimu yako utagundua kwamba na wewe ulikuwa na njia nyingine, ila ulishika ya kwanza iliyokujia. Ndiyo sababu sitenganishi swali lako la usomaji na lile la uandishi. Kwangu ni swali moja.

Hebu tulifanye badala ya kuliongelea. Kifungu hiki nimekitunga mwenyewe kwa ajili yako:

“Alipofika, mlango ulikuwa wazi. Akabisha hodi. Akabisha tena. Kisha akaingia polepole, kama mgeni, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe.”

Na hii ni aya ninayokutana nayo kila muhula. Nadhani haiko mbali na zako:

“Katika kifungu hiki mwandishi anatueleza kuhusu mtu aliyerudi nyumbani kwake na kukuta mlango uko wazi. Alibisha hodi mara mbili lakini hakujibiwa, ndipo akaingia. Mwandishi ametumia takriri (akabisha, akabisha) na tashbihi (kama mgeni). Mbinu hizi zimeifanya kazi yake ivutie na kumfanya msomaji atake kuendelea kusoma.”

Sentensi mbili za kwanza zinarudia kile ambacho msomaji tayari anacho mbele yake. Ya tatu inaorodhesha mbinu. Ya nne ungeweza kuibandika kwenye kitabu chochote na isionekane ngeni, na hapo ndipo ilipo kasoro kubwa. Lakini tazama kwa karibu zaidi. Aya inasema “hakujibiwa”. Kifungu hakikusema hivyo. Aya inasema “nyumbani kwake”. Kifungu hakikusema hivyo pia. Mwandishi wa aya amejaza mapengo bila kujua kwamba alikuwa anajaza, na mapengo hayo ndiyo hasa yaliyopaswa kuchambuliwa.

Tuanze na nyumba. Kiswahili kimetupa maneno mawili: nyumba, ambayo ni kuta na paa, na nyumbani, ambako ni kwenu, mahali unapohesabiwa kuwa mmoja wa watu. Msimulizi angeweza kusema “akaingia nyumbani kwake” na kisarufi pasingekuwa na tatizo lolote. Hakusema. Amesema “katika nyumba”, kana kwamba anataja jengo tu. Kiambishi kidogo cha mwisho, -ni, kimeondolewa, na pamoja nacho umeondoka ule wenyeji wote. Kisha linakuja “mwenyewe”, neno ambalo lingeweza kumrudishia mtu huyu haki yake, lakini limetundikwa kwenye kitendo cha kujenga, si kwenye kukaa wala kumiliki. Alijenga mwenyewe. Kama aliwahi kuishi humo, hatuambiwi.

Sasa hodi. Nani hubisha hodi? Mtu wa nje. Kwa hiyo kabla tashbihi haijafika, mhusika amekwisha kujiweka nje kwa kitendo chake. “Kama mgeni” haituletei habari mpya. Inathibitisha tulichokwisha kukisikia. Wanafunzi wengi wangekimbilia tashbihi kwa sababu ina jina na wamefundishwa kuitambua, wakaipita hodi kwa sababu hodi haina jina katika orodha ya mbinu. Mimi ningeanza na hodi.

Halafu mpangilio. Chukua kalamu ukiandike kifungu upya hivi: “Alipofika katika nyumba aliyoijenga mwenyewe, mlango ulikuwa wazi. Akabisha hodi. Akabisha tena. Kisha akaingia polepole, kama mgeni.” Maneno ni yale yale, hakuna lililoongezwa. Soma matoleo yote mawili kwa sauti. Katika toleo hili tunajua tangu mwanzo kwamba nyumba ni kazi ya mikono yake, basi hodi inatushangaza papo hapo. Katika lile la kwanza hodi inapita kama jambo la kawaida, mtu amefika kwa watu anabisha, mpaka maneno mawili ya mwisho yatulazimishe kurudi nyuma na kuisikia hodi ile kwa sikio jingine. Kifungu kimetufanya tukisome mara mbili bila kutuomba ruhusa. Hilo usingeliona kwa kutafuta takriri. Umeliona kwa sababu ulijaribu vinginevyo.

Na jambo moja tena. Ulipokuwa unasoma, ulimwona mwanamume au mwanamke? Kiambishi a- hakisemi. Kifungu kama hiki nilikipeleka semina moja, mwanafunzi wa kwanza kuzungumza akaanza, “Baba huyu anaporudi...” Mwenzake akamkatiza: “Baba gani?” Chumba kikanyamaza, kila mtu akarudi kwenye karatasi kutafuta huyo baba, na hakuwapo. Walimtia wao, kwa sababu palikuwa na neno kujenga. Tulitumia muda wote uliobaki kukisoma upya tukimwona mwanamke mlangoni, na hodi ikawa nzito zaidi. Unaposema wenzako wanaona mambo usiyoyaona, naamini mara nyingi jambo lenyewe ni la namna hii: mwenzako hakuzidi akili, ila dhana aliyokuja nayo ni tofauti na yako, basi panapokuwa giza kwako yeye anaona. Kesho itakuwa zamu yako.

Baada ya kazi hiyo, aya inaweza kuwa hivi:

“Mhusika anajitoa nyumbani kabla hajaingia. Anabisha hodi, kitendo cha mtu wa nje, kwenye mlango ulio wazi, na msimulizi anamfuata katika umbali huo kwa kusema ‘katika nyumba’ pale ambapo ‘nyumbani’ lingetosha. Hatuambiwi kama kuna aliyeitika. Hodi ya pili inatuachia ukimya tuujaze wenyewe. Ndipo yanapokuja maneno ‘aliyoijenga mwenyewe’, yaliyocheleweshwa mpaka mwisho, na kututaka turudi kwenye hodi ya kwanza tukijua sasa nani alikuwa anaomba ruhusa ya kuingia.”

Aya hii si ya ajabu. Haina msamiati mgumu, wala haimwiti mwandishi “mahiri” au “gwiji”. Imetaja maneno machache kutoka kifungu, na kila lililotajwa limefanyiwa kazi. Vilevile mtu anaweza kuipinga. Anaweza kusema hodi ni adabu tu na kwamba nimeipa uzito usio wake. Vizuri, abishe, tutarudi kwenye maandishi wote wawili. Aya ya kwanza hakuna awezaye kuibishia.

Nadhani unatambua ile aya ya kwanza imetoka wapi. Wengi wetu tulifundishwa shuleni kugawa kila kazi mafungu mawili, maudhui na fani: huku dhamira, ujumbe na mafunzo, huku mbinu kwa majina yake. Mgawanyo huo haukuwa bure, ulitupa istilahi, na bila istilahi hatuwezi kuzungumza. Lakini ulituachia mazoea mawili yanayogharimu sana chuoni. La kwanza ni kudhani kwamba kutaja mbinu ni kuieleza. La pili, ambalo naliogopa zaidi, ni kusoma kitabu kizima ukikisubiri kitoe funzo. Msomaji wa namna hiyo akifika mwisho na kupata “tusiwe na tamaa” huridhika na kufunga kitabu, na kurasa 200 zilizomfikisha hapo zinabaki kama ganda alilotupa. Kama funzo lingetosha, mwandishi angeliandika kwenye kadi.

Usijione peke yako. Katika miaka ya 1920, I. A. Richards, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Cambridge, aliwagawia wanafunzi wake mashairi bila kuwaambia nani ameyatunga, akawataka waandike maoni yao kwa uhuru. Mwaka 1929 alichapisha kitabu chenye maoni waliyoyatoa juu ya mashairi 13. Hao walikuwa vijana waliosoma katika shule nzuri, na bado wengi walikosa hata maana ya wazi ya mistari, wakakimbilia majibu waliyoyazoea, au wakayahukumu mashairi kwa kumbukumbu zao binafsi. Kujua jina kubwa la mtunzi kungewasaidia kuficha hayo. Walipoachwa na maneno peke yake, ilionekana kwamba kusoma hasa ni kazi inayofundishwa, haiji yenyewe kwa sababu mtu anajua herufi na anapenda hadithi. Sehemu kubwa ya namna tunavyofundisha semina za fasihi leo imetokana na mshtuko ule.

Sasa raha. Hili nataka nikujibu kwa uaminifu: ndiyo, kwa muda itapungua. Anayejifunza kuogelea kwa mtindo sahihi baada ya miaka ya kupiga maji apendavyo huwa mzito kwa wiki kadhaa, mikono haijui iende wapi. Nami nilipitia hapo. Kulikuwa na muhula mzima nilioshindwa kusoma hata barua bila kuuliza nani msimulizi. Lakini nadhani sehemu ya uchungu wako inatokana na kufanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Unasoma riwaya kwa mara ya kwanza ukiwa na kalamu mkononi na insha kichwani. Usifanye hivyo. Mara ya kwanza soma kama ulivyokuwa unasoma utotoni: haraka, kwa njaa, ukiwachukia wabaya na kuwahurumia wanyonge. Kalamu iwe mbali. Ukifika mahali pakakugusa au pakakukera, kunja pembe ya karatasi au weka kipande cha karatasi uendelee. Raha hiyo ni haki yako, tena ndiyo malighafi ya uchambuzi, maana usipoguswa na chochote hutakuwa na cha kuulizia kwa nini.

Kazi huanza mara ya pili. Ukimaliza ukurasa wa mwisho, rudi siku hiyo hiyo usome sura ya kwanza. Sura moja tu. Utashangaa jinsi mwandishi alivyokuwa amekuwekea kila kitu mezani wakati huna macho ya kukiona. Yule mzee aliyetajwa kwa sentensi moja, mvua iliyokuwa ikinyesha, neno alilolikwepa mama. Halafu zirudie zile kurasa ulizoziwekea alama na uziulize swali letu. Kitabu kizima si lazima ukisome mara mbili. Hakuna mwanafunzi mwenye kozi tano anayeweza. Sura ya kwanza, ya mwisho, na mahali patano au sita palipokushika, hapo pasome mpaka karibu upakariri.

Kwenye pambizo usipige mistari tu. Mstari chini ya sentensi baada ya mwezi haukukumbushi lolote zaidi ya kwamba siku ile ulikuwa na kalamu. Andika neno. Andika kitenzi kinachotaja sentensi inafanya nini: “anaficha”, “anachelewesha”, “anajitetea”, “anadanganya?”. Alama ya kuuliza ni rafiki mkubwa. Kama kitabu ni cha maktaba, kuwa na daftari na uandike namba ya ukurasa. Daftari hilo lina kazi nyingine pia: kabla ya kila kipindi, andika mistari kumi juu ya jambo moja lililokutatiza katika usomaji wa juma hilo. Kabla, si baada. Ukisubiri kuwasikia wenzako kwanza, hutajua tena lipi lilikuwa lako, na ule unyonge wako wa kudhani hukuona kitu utaendelea, kumbe uliona ila hukuwahi kuliandika.

Mashairi nitayapitia haraka kwa kuwa hukuyauliza, lakini yana zoezi moja zuri mno kwa macho. Chukua tarbia yoyote, yaani shairi la mistari minne kila ubeti, yenye mizani (silabi) kumi na sita kwa mstari, minane kabla ya kituo cha kati na minane baada yake, uihesabu kwa vidole ubeti mzima. Mahali ambapo mtunzi amelifupisha neno, amegeuza mpangilio au ameleta neno la zamani ili mizani itimie, simama. Hapo kanuni ilimbana, na hapo utaona alichagua kupoteza nini ili apate nini. Hakuna mahali ambapo uteuzi wa mwandishi unaonekana kwa uwazi namna hiyo.

Kuhusu miongozo na muhtasari, iwe ya kuchapwa au ile unayopewa na programu ya akili mnemba kwa sekunde tatu, msimamo wangu ni mkali. Usiisome kabla ya kitabu. Sikatazi kwa sababu ni dhambi. Nakataza kwa sababu ukishaambiwa kwamba kisima katika sura ya tatu ni ishara ya uhai, hutakiona tena kisima. Utaona ishara tu. Kuna maji humo, kuna kamba, kuna mtoto anayechungulia. Isome miongozo baadaye, ukiwa na maoni yako ya kuyapambanisha nayo, na utaona kwamba mingine haina lolote na michache ina jambo.

Semina sasa. Najua ukimya wa mwaka wa kwanza, mtu anasubiri apate jambo kubwa la kusema, kipindi kinaisha. Usisubiri jambo kubwa. Njoo na ukurasa. Sema: “Ukurasa wa 47, mstari wa tatu, sielewi kwa nini anamwita ‘yule’ mtu anayekaa naye nyumba moja.” Ukitaja mahali, darasa zima litafungua hapo, na mjadala utakuwa juu ya kitabu, si juu ya nani anajua kuzungumza. Baadhi ya vipindi vyangu vizuri kabisa vilianzishwa na wanafunzi waliosema “sielewi” na kutaja mstari. Na ukimsikia mwenzako akileta usomaji unaopingana na wako, usiharakishe kuulinda wako. Jiulize ni neno gani kwenye ukurasa lililompeleka kule. Kama neno lipo, ana haki ya kusikilizwa hata kama mwisho hamtakubaliana. Kama halipo, muulize kwa upole, kama yule aliyeuliza “baba gani?”

Tuje kwenye uandishi wenyewe. Neno letu insha lina asili ya Kiarabu, na huko lina maana ya kuanzisha na kutunga. Mfaransa Michel de Montaigne, alipochapisha maandishi yake mwaka 1580, aliyaita kwa neno la kwao lenye maana ya majaribio, na neno hilo ndilo lugha nyingi za Ulaya zinalolitumia mpaka leo kwa insha. Nayapenda majina yote mawili, kwa sababu yote yanakataa ile picha ya wanafunzi wengi kwamba insha ni mahali pa kuripoti ulichokwisha kukijua. Rasimu ya kwanza unaandika ili ujue unafikiri nini. Kwa hiyo iache ikoroge. Ukimaliza, nenda moja kwa moja kwenye aya ya mwisho. Nakuambia hili kwa kuwa nimeliona katika mamia ya insha: hoja ya kweli mara nyingi imejificha pale, katika sentensi ya hitimisho iliyoandikwa usiku wa manane, wakati mwandishi hatimaye amegundua alichotaka kusema. Itoe hapo, iweke mwanzo, na uandike upya yote yaliyobaki ili yaitumikie. Utangulizi wako wa zamani, ule wa “fasihi ni kioo cha jamii”, uage.

Hoja yenyewe ipime kwa namna hii: je, mtu mwenye akili aliyesoma kitabu hicho hicho anaweza kuikataa? “Riwaya hii inazungumzia mapenzi” haikataliki, kwa hiyo si hoja. “Msimulizi anadai kwamba amemsamehe ndugu yake, lakini kila anapomtaja anaepuka jina lake” ni hoja. Inamtaka msomaji aende kuangalia.

Nukuu ziwe fupi. Anayenukuu mistari minane kisha akaandika “hii inaonyesha huzuni” amemwachia msomaji kazi yake. Maneno matatu ukiyashika vizuri yanatosha insha nzima. Umeona tulivyokaa na “katika nyumba”. Kanuni ninayowapa wanafunzi wangu ni kwamba maelezo yako yazidi nukuu kwa urefu, kila mara. Na jihadhari na vivumishi vya kusifu. Ukijikuta unaandika “kwa ufundi mkubwa”, futa, ueleze ufundi huo uko wapi. Ukishindwa kuueleza, huenda hujauona bado, rudi kwenye ukurasa.

Nikiwa mwanafunzi nilirudishiwa insha niliyoionea fahari, na pambizoni mlikuwa na neno moja tu, limerudiwa mara sita: “Umejuaje?” Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilikaa na kila “Umejuaje?” nikitafuta mstari uliokuwa umenifikisha pale. Mara nne niliupata. Nilikuwa sijauandika tu, nilidhani unaonekana. Mara mbili sikuupata, kwa sababu haukuwapo. Nilikuwa nimesema nilichotaka kitabu kiseme. Sijui kama yupo mtu aliyenifundisha kuandika kuliko mwalimu yule. Tangu hapo, rasimu yangu yoyote naisoma mara moja nikiwa na swali hilo hilo mdomoni.

Nawe ufanye hivyo na maoni ya mhadhiri wako. Alama ziangalie mwisho. Panga insha zako zilizorudishwa, unakili maoni yote kwenye karatasi moja, utafute yanayojirudia. Wewe tayari unalo moja. Mtu hahitaji kurekebisha makosa kumi kwa mkupuo. Akishughulikia moja linalojirudia, mengine matatu huondoka nalo.

Nadharia za uhakiki zitakuja, labda muhula ujao: za kitabaka, za kijinsia, za baada ya ukoloni na nyingine. Zipokee, zina faida kubwa, ila zije zikukute tayari umeshazoea kukaa na sentensi. Nadharia mikononi mwa asiyesoma kwa karibu hugeuka mwongozo mwingine, inamwambia aone nini kabla hajaangalia.

Kama unaandika hadithi zako pia, na nahisi unaandika, kuna zoezi moja ambalo halimo katika kozi yako. Chukua ukurasa wa riwaya unaoupenda, unakili kwa mkono, polepole, mpaka uhisi pale ambapo wewe ungeweka nukta na yeye hakuweka. Kisha uandike ukurasa huo huo ukibadilisha a- kuwa ni-, mhusika ajisimulie mwenyewe. Utaona sentensi zinakataa. Mtu hawezi kusema juu yake mwenyewe “niliingia kama mgeni” kwa sauti ile ile ambayo msimulizi alimsemea. Ikitoka kinywani mwake inakuwa lalamiko. Hapo utakuwa umeelewa nafsi ya usimulizi kuliko kwa kusoma maelezo yake kwenye kitabu cha istilahi.

Kwa juma hili nakupa kazi moja. Chukua insha ya pili aliyokurudishia, tafuta aya moja iliyo mbaya kuliko zote, uiandike upya kwa kutumia nukuu isiyozidi maneno manne. Usiguse aya nyingine. Ipeleke kwa mhadhiri wako katika saa zake za kuonana na wanafunzi, umweleze kwamba huombi alama. Mwombe aisome na akuonyeshe kwa kidole ni sentensi ipi inasimulia na ipi inachambua.